Kuishi kwa kujitegemea: maana yake kwa mtu mzima mwenye ulemavu

Kiswahili kinatutega kwenye neno "mzima". Mtu mzima ni yule aliyekwisha kukua, ambaye haombewi tena ruhusa na mtu. Lakini mzima ni pia asiye na kasoro mwilini, na ndiyo maana utasikia "yule mzima, huyu mlemavu". Maana hizo mbili zikichanganyika kichwani, mtu wa miaka 40 anapokonywa utu uzima wake kwa sababu miguu haimbebi au macho hayaoni. Barua zake zinafunguliwa na wengine. Fedha zake zinakaa kwa wengine. Mgeni akija anamwuliza aliyeketi kando: "Huyu anakula nini?"

Dhana ya kuishi kwa kujitegemea ilizaliwa ili kuurudisha utu uzima huo kwa mwenyewe, pamoja na haki zake na mizigo yake. Bahati mbaya, hata jina la dhana linapotosha. Wengi wakisikia "kujitegemea" wanamfikiria mtu anayeishi peke yake, anayepika, anayefua, anayejiogesha na asiyeomba msaada wowote. Kwa kipimo hicho hakuna binadamu anayejitegemea, maana hata mwenye nguvu zote hafumi nguo zake wala hachimbi kisima chake. Walioanzisha dhana hii walikusudia jambo jingine: anayejitegemea ni yule anayeshika uamuzi. Asiyeweza kuinua kijiko, ikiwa ni yeye anayeamua ale nini, ale saa ngapi na alishwe na nani, anajitegemea. Anayetembea vizuri na kujifulia, lakini akapangiwa saa ya kulala na watu wa kuonana nao, hajitegemei.

Wazo hili halikutoka kwa madaktari. Mmarekani Ed Roberts aliugua polio mwaka 1953, akiwa na miaka 14. Alipooza kuanzia shingoni kushuka, vikabaki vidole vichache tu vinavyosogea, na usiku alilala ndani ya pafu la chuma, mashine iliyomsaidia kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mabweni hayakumfaa, akapewa nafasi kwenye hospitali ya chuo. Wanafunzi wengine wenye ulemavu mkubwa wakamfuata, na humo wakajifunza kwa vitendo kwamba wao ndio wanaojua wanachohitaji, na kwamba msaidizi anaweza kuajiriwa, kuelekezwa na hata kuachishwa kazi na mtu aliyelala kitandani. Mwaka 1972 kikafunguliwa mjini Berkeley kituo cha kuishi kwa kujitegemea, kikiendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1975 Roberts akateuliwa kuongoza idara ya huduma za utengamao ya jimbo la California, yaani za kuwasaidia wenye ulemavu kupata ujuzi na kazi, idara ileile ambayo zamani ilimwona kuwa na ulemavu mkubwa mno kiasi cha kutoweza kufanya kazi yoyote.

Leo wazo hilo limo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006 na kuanza kutumika Mei 3, 2008. Ibara ya 19 ndiyo inayozungumzia kuishi kwa kujitegemea. Inasema mtu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, bila kulazimishwa kukaa kwenye makazi maalumu. Apate msaada unaomwezesha kuishi ndani ya jamii, ukiwemo wa msaidizi binafsi. Na huduma zinazotumiwa na watu wote zimfae na yeye.

Mwaka 2017 kamati inayofuatilia mkataba huo ilitoa ufafanuzi ambao natamani kila familia iusome. Ilisema taasisi haipimwi kwa ukubwa wa jengo. Makao ya watu zaidi ya 100 yanaweza kuwa taasisi, nyumba ya watu watano hadi wanane inaweza kuwa taasisi, na hata nyumba ya mtu mmoja inaweza kuwa hivyo hivyo, ikiwa mkaaji hana kauli juu ya nani amsaidie, analazimika kufuata ratiba aliyopangiwa, na mambo yake ya kila siku yanaamuliwa na wengine. Mimi naisoma hivi: chumba kizuri ndani ya nyumba ya ndugu wanaompenda kinaweza nacho kuwa taasisi. Upendo haumalizi suala la nani anaamua.

Haki nyingine zinaonekana ndogo mpaka uzikose. Msaidizi anayemwogesha mtu kila asubuhi bado anapaswa kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani, kwa sababu kumwogesha hakujamfanya kuwa mwenye chumba. Simu ya mtu ni yake, namba yake ya siri ya benki ni yake, majibu ya vipimo vyake vya hospitali ni yake na hayasomwi kwanza na dada yake. Ana haki ya kupenda, kuoa au kuolewa, kuzaa na kulea. Kwa hili la mwisho jamii nyingi bado zina ukaidi mkubwa, utadhani ulemavu umeondoa moyo pamoja na mguu.

Kipimo kimoja rahisi kimo ndani ya lugha yetu wenyewe. Mwanamke mwenye mtindio wa ubongo, ambao kwake umeufanya mwili na ulimi kuwa mzito lakini si akili, anaingia kwa daktari, nyuma yake msaidizi anasukuma kiti cha magurudumu. Daktari anainua macho, anayapitisha juu ya kichwa cha mgonjwa na kumwuliza msaidizi: "Anaumwa wapi?" Mgonjwa yupo mbele yake. Anasikia. Ana jibu, ingawa litachukua dakika moja zaidi kutoka kinywani. Silabi moja tu, "a" badala ya "u", imemtoa chumbani. Msaidizi anayejua kazi yake hajibu. Anageuza uso kwa mwenye ugonjwa na kusubiri, na daktari naye polepole analazimika kuuliza upya: "Unaumwa wapi?"

Ibara ya 12 ya mkataba ndiyo inayoisimamia silabi hiyo kisheria. Inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na watu wengine katika nyanja zote za maisha, yaani uamuzi wao unahesabika: kusaini mkataba, kumiliki mali, kufungua akaunti, kukubali au kukataa matibabu. Hapa ndipo watu wengi wanapouliza: je, mwenye ulemavu wa akili, anayepata shida kuelewa maelezo marefu? Jibu la mkataba ni kwamba anasaidiwa kuamua, haamuliwi.

Tofauti hiyo ionekane kwa mfano. Kijana mwenye ulemavu wa akili anataka kupanga nyumba. Njia ya zamani ni kaka yake kusaini na kumkabidhi funguo. Njia ya kumsaidia kuamua inachukua siku kadhaa. Mkataba unasomwa sentensi moja moja kwa maneno mepesi. Panapozungumzwa kodi, fedha zinawekwa mezani katika mafungu mawili: hili la kodi, hili linalobaki kwa mwezi mzima. Anaitembelea nyumba mara mbili, mchana na usiku, asikie kelele za barabara. Kisha anaombwa aeleze kwa maneno yake amekubali nini na nini kitatokea asipolipa. Akieleza, anasaini yeye. Anayemsaidia ameleta maelezo, muda na uvumilivu, na kauli ya mwisho imebaki mkononi mwa kijana. Hata pale ambapo mtu hawezi kabisa kuwasilisha anachotaka, wanaomjua hawaulizwi "nini kinamfaa?" bali "tukitazama alivyoishi na alivyopenda, angetaka nini?" Maswali hayo mawili yanaweza kuleta majibu yanayopingana.

Pamoja na uamuzi inakuja haki ya kukosea. Mwaka 1972 Robert Perske, Mmarekani aliyetetea watu wenye ulemavu wa akili, aliandika kuhusu heshima iliyomo katika kuthubutu: kwamba kumkinga mtu na kila hatari ni kumdunisha. Mtu mzima asiye na ulemavu hununua simu mbovu, humwamini rafiki asiyefaa, hula kitu ambacho daktari amemkataza, na hakuna anayemwondolea mamlaka juu ya maisha yake. Mwenye ulemavu akifanya hivyo mara moja tu, watu wanasema "tulijua hawezi". Ni dhuluma. Kumwonya ni sawa, kumweleza hatari mara mbili tatu ni wajibu wa anayempenda, ila akishaelewa na kuchagua, amechagua.

Hapo ndipo wajibu unapoingia, na sipendi unavyowasilishwa mara nyingi, kana kwamba ni ada ya kulipia haki. Haki hazisubiri mtu athibitishe kwamba ni mpangaji hodari. Lakini anayeshika uamuzi anashika na matokeo yake. Kodi inalipwa tarehe yake, na mkataba ukikataza kupangisha mtu mwingine, unakataza. Muziki wa usiku unaomsumbua jirani unamsumbua hata kama aliyeuwasha anatumia kiti cha magurudumu. Sheria za nchi zinamhusu. Watoto wake wanamhusu. Ulemavu unaweza kubadilisha namna ya kutimiza jambo, kwa mfano asiyeona kutaka ankara kwa sauti au kwa nukta nundu, lakini deni lenyewe linabaki palepale.

Kuomba marekebisho ya namna hiyo ni haki, na kuyaomba kwa uwazi ni sehemu ya wajibu. Mwenye nyumba au mwajiri hawezi kukisia kwamba mlango ni mzito mno au kwamba maelekezo yanahitaji kuandikwa. Mtu anasema anachohitaji na kwa nini, ikiwezekana kwa maandishi. Historia yake yote ya ugonjwa haimhusu mwenye nyumba. Nao wanaoombwa wanapaswa kurekebisha kile kinachowezekana bila kuwaelemea kupita kiasi. Kukataa tu, bila sababu, kunahesabiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuwa ubaguzi.

Wajibu mgumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa kuongoza msaidizi. Tumezoea neno "mlezi", na hilo ndilo linaloharibu. Mlezi humlea mtoto, na anayelelewa hatoi maagizo. Msaidizi binafsi ni mikono iliyoajiriwa, na anayesaidiwa ndiye mkubwa wa kazi. Sweden, ambako sheria inayompa mtu haki ya msaidizi binafsi ilianza kutumika mwaka 1994, mtumiaji anaweza hata kuwa ndiye mwajiri mwenyewe. Kwa aliyekaa miaka 30 akihudumiwa kimya kimya, kujifunza kuamuru si jambo dogo. Anapaswa kujua mwili wake kiasi cha kuweza kuueleza: "Shati lianzie mkono wa kushoto, huo ndio uliokaza. Usivute, subiri nipumue. Sasa." Akikaa kimya na kununa, msaidizi atafanya anavyojua yeye, na siku itakuwa ya msaidizi.

Ukubwa huo una mipaka. Msaidizi analipwa kwa wakati. Saa zake zikiisha zimeisha, hata kama mazungumzo yamenoga. Hatukanwi, hashikwi asivyotaka, hatumwi kazi ambazo hazikukubaliwa, na siri za nyumbani kwake hazigeuzwi habari. Naye asipofaa, anaambiwa kosa lake na kupewa taarifa kabla ya kuachishwa. Mambo haya yakiandikwa kwenye karatasi moja siku ya kwanza, yanaokoa ugomvi mwingi. Iwapo msaidizi anamwibia, anampiga au anamtisha, hilo si suala la kuvumilia kwa kuogopa kubaki peke yake. Ni kosa la jinai, na mtu anapaswa kuwa na angalau mtu mwingine mmoja nje ya nyumba anayeweza kumpigia simu bila msaidizi kuwepo.

Familia nyingi huogopa siku ya hatari: moto, mafuriko, umeme kukatika wakati mashine ya kupumulia inafanya kazi. Hofu hiyo ni ya kweli, na anayejitegemea ndiye wa kwanza anayepaswa kuishughulikia. Betri ya akiba ijazwe chaji na ikaguliwe. Njia ya kutokea isirundikwe vitu. Jirani mmoja au wawili wapewe ufunguo na waonyeshwe jinsi ya kufungua breki za kiti. Dawa na vipimo vyake viandikwe kwenye karatasi.

Wengine hubandika karatasi hiyo nyuma ya mlango, ili waokoaji au wahudumu wa gari la wagonjwa waikute mara tu wanapoingia. Inataja dawa, namba mbili za simu, na namna ya kumnyanyua: mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, kamwe si kwapani. Juu kabisa, kabla ya hayo yote, kwa herufi kubwa: "Nasikia na ninaelewa. Niulize mimi kwanza, kisha nipe dakika moja ya kujibu."