Kutafuta kikundi cha kuacha pombe: uanzie wapi, uulize nini

Kwa anayekunywa kila siku, mlango wa kwanza ni wa daktari, kikundi kifuate. Ikiwa asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue ndipo aweze kushika kikombe cha chai, mwili umeshaizoea pombe, na kuikata ghafla kunaweza kumuua. Saa 6 hadi 24 baada ya kunywa mara ya mwisho huanza jasho, kutetemeka, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4. Hospitali ina dawa za kumvusha siku hizo, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo. Kikundi hakina tiba hiyo. Kazi yake inaanza mwili ukishatulia, maana hapo ndipo wengi hurudi kwenye chupa.

Kwa Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ueleze uko kaunti gani. Tanzania, ulizia kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Vituo vya kurekebisha waraibu pia ni pa kuulizia hata kama huna mpango wa kulazwa, kwa kuwa wanaotoka humo wanahitaji mahali pa kuendelea. Vikundi vingi hufuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous (AA), ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na orodha ya mikutano iko kwenye tovuti zao.

Orodha hiyo usiiamini peke yake. Vikundi hukutana katika kumbi za kuazima, na ukumbi ukibadilika, anwani ya zamani hubaki pale pale. Mtu aliyejikusanya wiki nzima apate ujasiri, akifika akute geti limefungwa, hatarudi kwa urahisi. Kwa hiyo piga simu siku ileile uulize: mnakutana leo? Mlango upi? Mnazungumza lugha gani? Mkutano ni wa wazi au wa wenye tatizo tu? Swali hili la mwisho husahaulika sana. Mkutano wa wazi hupokea yeyote, hata ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Ule mwingine hupokea tu wale wanaotaka kuacha pombe, na mke aliyemleta mumewe ataombwa asubiri nje. Ukifika, mlinzi huenda asijue AA ni nini. Mwombe akuonyeshe ukumbi uliokodiwa saa hiyo. Huna haja ya kumweleza shida yako.

Ndani, mkutano huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Viti mara nyingi hupangwa duara. Mmoja husoma utangulizi, kisha watu huzungumza kwa zamu, na kwa kawaida mtu akizungumza hakatizwi wala hajibiwi. Zamu ikikufikia, sema, "Leo nitasikiliza tu," inatosha. Jina moja linatosha pia. Kikapu kikipita, anayetaka hutoa chochote kulipia ukumbi na chai, na mgeni hadaiwi. Anayekudai kiingilio au akikuambia uache dawa za kifafa au za msongo wa mawazo, achana naye: AA haina ada, na dawa ni mambo ya daktari wako.

Wapo wanaosita kwa sababu mkutano uko kwenye ukumbi wa kanisa, hasa Waislamu. Ukumbi umekodiwa tu. Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, lakini kama kila mmoja anavyomwelewa, na sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa.

Usiondoke mara mkutano unapokwisha. Dakika zile za chai ndizo za kuomba namba za watu wawili watatu, mwanamume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake. Mpigie mmoja kesho yake ungali mzima, hata kama ni salamu tu. Asiyewahi kupiga akiwa salama huona aibu kupiga akiwa na hamu ya pombe. Jaribu pia vikundi vitatu vinne kabla ya kusema havikufai, maana havifanani hata kidogo. Ukianguka ukanywa, rudi. Ukiwa na harufu ya pombe utakaribishwa kukaa kimya na kusikiliza, mradi huleti fujo.

Walio mbali na mji wana mikutano ya mtandaoni. Zima kamera, hapo bando litadumu zaidi, na badilisha jina linaloonekana kwenye simu kabla hujaingia, kwa sababu programu huonyesha jina lako kamili lisipobadilishwa. Vaa visikilizi pia, ili mambo ya wenzako yasisikiwe na nyumba nzima.

Familia nayo ina mahali pake, Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951, ambako mzazi au mwenzi huja hata kama mnywaji amekataa katakata kwenda popote. Humo hakuna anayefundishwa kumtilia mtu dawa kwenye chakula kwa siri. Dawa za kumchukiza mtu pombe zikikutana na pombe mwilini mwa asiyejua kuwa amezinywa, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla akafa.