Umeshawasha hatua mbili kwenye akaunti ya chuo? Bado kuna kazi

Sisi wa TEHAMA hapa chuoni tukiwaambia watu wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ukishaweka paswedi unathibitisha tena kwa simu yako, wengi wanajibu "paswedi yangu ngumu, hakuna anayeijua". Sawa, ila hiyohiyo umeitumia na kwenye tovuti nyingine, au ipo siku utaiandika kwenye ukurasa feki uliofanana na wa chuo mpaka nembo, na hapo ugumu wake hausaidii chochote. Na akaunti ya chuo sio barua pepe tu, mle ndani kuna matokeo yako, kazi zako, taarifa za ada, na mtu akishaingia anaanza kuwaandikia wenzako kwa jina lako nao wanaamini maana kweli imetoka kwako.

Kuwasha kwenyewe ni dakika chache. Ingia kwenye akaunti kwa kompyuta, nenda mipangilio ya usalama, washa hatua mbili, halafu kwenye simu fungua apu ambayo chuo kimeelekeza na uiskani ile QR inayotokea. Apu itaanza kukupa namba ya tarakimu 6, kwa kawaida inabadilika kila sekunde 30. Hiyo namba haitoki kwenye intaneti, simu inaikokotoa yenyewe kwa kutumia siri iliyokuwa kwenye QR pamoja na saa, ndo maana inafanya kazi hata kama huna bando, na ndo maana saa ya simu ikiwa nyuma dakika kadhaa namba zinakataliwa mpaka unadhani akaunti imeharibika, kwahiyo acha saa ijirekebishe yenyewe. Na ile QR usiipige skrinshoti, yeyote atakayeiskani anapata namba zilezile unazopata wewe.

Kutumiwa namba hizo kwa meseji ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, ila mtu akifanikiwa kuhamishia namba yako ya simu kwenye laini yake basi meseji zote zinamfuata yeye. Ukiwa na uchaguzi chukua apu.

Sasa wanapoumia watu ni simu ikipotea. Siku hiyohiyo unayowasha chukua namba za akiba, zile mfumo unazokupa za kuingilia ukiwa huna simu, ziandike kwenye karatasi uitunze mbali na simu, ongeza na njia ya pili kama mfumo unaruhusu. Ukinunua simu mpya usiifute ya zamani kabla hujahamisha apu na kujaribu kulogin, maana mtu huja kugundua hili usiku wa mwisho wa kukusanya kazi na ofisi imeshafungwa.

Lingine ni yale maombi ya "kubali au kataa" yanayotokea kwenye simu. Mwaka 2022 Uber waliingiliwa kwa njia hii, mdukuzi alikuwa na paswedi ya mkandarasi wao mmoja akawa anajaribu kuingia tena na tena, kila akijaribu ombi linatua kwenye simu ya yule mkandarasi, mwanzoni halikukubaliwa lakini mwisho akakubali moja na jamaa akaingia. Kwahiyo ombi likija na wewe hujalogin popote, likatae hata likija mara 20, badilisha paswedi hapohapo maana kuna mtu anayo tayari, kisha wataarifu watu wa TEHAMA. Na akikupigia mtu anasema yeye ndo TEHAMA anaomba zile tarakimu 6, kata simu, sisi hatuzihitaji kwa kazi yoyote.