Swala wa Saanane hahitaji mkate wako

Kiangazi kikikolea, kwenye boti inayotoka Capri Point, jijini Mwanza, kwenda Kisiwa cha Saanane hakosekani abiria mwenye mkate mfukoni. "Majani yamekauka, masikini, swala wana njaa." Nadhani ni mazoea ya tangu kisiwa kilipokuwa bustani ya wanyama, mwaka 1964, kabla hakijawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013.

Huruma ni njema, ila tumbo la swala si kama letu. Swala hucheua, sawa na mbuzi. Ndani ya tumbo lake la kwanza wamo vijidudu wanaochachua majani polepole. Ukimpa wanga mwingi ghafla, mkate au mahindi, vijidudu wa aina nyingine huzaana upesi na kutoa asidi. Tumbo husimama, mnyama huharisha, na anaweza kufa akiwa ameshiba. Mfugaji wa Usukumani aliyewahi kukuta ng'ombe kavamia gunia la mahindi hahitaji kusimuliwa.

Nyasi zikikauka, swala pala hugeukia majani ya vichaka. Ndivyo alivyoumbwa.

Hata Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambako kulungu wa Ulaya hulishwa milimani wakati wa theluji na watu huenda kuwatazama, chakula kikuu ni nyasi kavu, na watazamaji hukaa mbali. Kulungu huyo hupunguza mapigo ya moyo ili kubana nguvu; kumkurupusha ni kumlia akiba yake.

Saanane nenda na darubini. Swala anayekufuata hana njaa, amezoeshwa. Tumbili je? Hao ni wezi tu, funga mkoba.