Digrii ya Malawi, Zambia au Uganda: kabla hujalipa ada soma hapa

Kila dirisha la udahili likikaribia, simu ya ofisi yetu ya udhibiti ubora hapa chuoni Mbeya haipumziki, na safari hii karibu wote wanauliza kitu kilekile: si tuko jumuiya moja ya Afrika Mashariki jamani, digrii ya kule si inapokelewa huku moja kwa moja? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndo hili, naomba mlimalize kabla hamjapiga tena.

Ushirikiano upo na unafanya kazi. IUCEA, yani Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, makao yake Kampala, lipo tangu 1980, 2015 mfumo wa sifa wa ukanda, yani ngazi za tuzo za elimu ya juu na vigezo vyake, ukapitishwa, na Mei 2017 wakuu wa nchi wakatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Hapo watu wakasikia "pamoja" wakafunga mjadala. Kilichosogezwa karibu ni vigezo, ila msimamizi wa vyuo mwenye rungu kabaki kila nchi na wake, sisi TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), Kenya CUE, Uganda NCHE, na kila mmoja anakagua kwa macho yake.

Huo ushirikiano sisi tunauona kwenye kazi. Mtahini wa nje, yani mhadhiri wa chuo kingine anayekuja kukagua mitihani yetu, akitoka chuo cha Kenya au Uganda haji kunywa chai, anaomba mtihani, mwongozo wa usahihishaji na karatasi za wanafunzi, anachomoa ya mwenye A, ya wa katikati na ya aliyefeli, anashuka swali kwa swali, alafu anauliza huyu kapewa 7 kwa nini na yule mwenye jibu lilelile kapewa 4. Nimeshaona mhadhiri mzima, mwenye sauti kubwa darasani, anajikuna kichwa hana la kusema.

Sasa majirani wa mpakani huku kwetu. Ukivuka Tunduma umeingia Zambia, ukivuka Kasumulu umeingia Malawi, na hizo nchi haziko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki kabisa, tunakutana nazo SADC, yani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambako kuna itifaki ya elimu ya 1997 na mfumo wake wa sifa. Kwa hiyo ukiniambia eneo la pamoja la 2017 linamlinda mtoto wako anayesoma Malawi unanichosha tu.

Na tatizo kubwa wala sio chuo, ni mtoto kaingiaje. Malawi wanasoma msingi miaka 8 na sekondari 4 ndo wanaingia digrii. Wa kwetu ana miaka 7 na 4, anatoka kidato cha nne Kyela au Rungwe, wakala anamwambia twende, form six ya nini. Huku kuingia digrii kwa kidato cha sita lazima principal mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0 kwenye masomo yanayohusika na kozi, au uwe na diploma inayokubalika. Digrii ya nje inapoletwa TCU itambuliwe sifa za kuingilia nazo zinaangaliwa, na kama kuna pengo pale chini huwezi kuliziba na digrii iliyokaa juu yake, hata kama chuo chenyewe ni kizuri na kina ithibati, yani kibali cha ubora cha msimamizi wa nchi yake.

Utaratibu wenyewe ni hivi. Digrii ni TCU, vyeti na diploma za vyuo vya kati na ufundi ni NACTVET, vya sekondari ni NECTA (Baraza la Mitihani), msichanganye maana kuna watu wanapeleka cheti cha form four TCU alafu wanalalamika wamezungushwa. Kabla ya kwenda, hakikisha kwa msimamizi wa nchi husika kwamba chuo kina ithibati, alafu kampasi, alafu kozi yenyewe, vitu vitatu tofauti, sio kimoja. Tunza barua ya udahili, risiti za ada na pasipoti yenye mihuri, usiitupe ikiisha muda. Ukimaliza chukua cheti pamoja na transkripti, kama viko kwa lugha nyingine vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, ndo uombe utambuzi. Uhandisi na tiba mabodi yao yana masharti yao juu ya hayo.

Kuhusu kughushi sitaki kubembelezana. Uhakiki wa 2017 ulikuta watumishi wa umma 9,932 wana vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kanuni ya Adhabu inasema kughushi ni kifungo hadi miaka 7, na kuwasilisha hati ya kughushi ukijua ni kosa lingine linaloadhibiwa vilevile, kwa hiyo ile ya "mimi nilipewa tu na wakala" usitegemee itakuokoa ikionekana ulijua. Wakala akikataa kukupa jina kamili la chuo na la kozi kwa maandishi, mwache na fomu zake, hela ya ada kaa nayo.