Goti la nusu au goti zima: jibu kwa wanaosema "weka zima, yaishe"

Nimeambiwa tena juma hili, safari hii na kijana aliyemsindikiza mamake kliniki: "Daktari, hilo la nusu halidumu. Muwekee zima, yaishe." Alikuwa akizungumzia upasuaji wa kuweka goti bandia: la nusu hubadilisha upande mmoja tu wa goti uliochakaa, zima hubadilisha kiungo chote. Mama mwenyewe, ambaye ndiye mwenye goti, hakuulizwa. Kliniki ya asubuhi hainipi nafasi ya kujibu kwa ukamilifu bila kuwachosha walio kwenye foleni, kwa hivyo naandika jibu lote hapa.

Kijana hakuzua. Utafiti wa mwaka 2014 uliotumia rejista ya viungo bandia ya Uingereza na Wales, wenye wagonjwa zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba ndani ya miaka minane uwezekano wa goti la nusu kubadilishwa tena ulikuwa takriban mara mbili ya ule wa goti zima. Mwingine wa 2019 ulikadiria kwamba baada ya miaka 25, magoti mazima 82 kati ya 100 huwa bado yapo, na ya nusu 70. Takwimu ni za kweli. Linaloniudhi ni tafsiri yake.

Tunazungumzia mgonjwa ambaye gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa, limekwisha upande wa ndani pekee, mfupa wa paja unasagana na muundi, upande wa nje ni mzima na ligamenti ya msalaba ya mbele, moja ya kano zinazoshikilia goti lisiyumbe, ingali inafanya kazi. Mwenye baridi yabisi inayoshambulia kiungo chote hahusiki. Na tafadhali, eksirei ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Huletewa picha zilizopigwa mtu amelala, nafasi kati ya mifupa ikionekana nzuri kabisa, ilhali mwenyewe ameingia akichechemea kwa matege ambayo hakuwa nayo alipoolewa.

Sasa turudi kwenye hiyo "mara mbili". Kubadilishwa tena si kipimo cha ubovu wa goti peke yake. Ni kipimo pia cha wepesi wa daktari kushika kisu. Goti la nusu likiuma, kulitoa na kuweka zima ni kazi ambayo wengi wetu tunaiweza, kwa hiyo mgonjwa akilalamika hupelekwa chumba cha upasuaji mapema. Goti zima likiuma, kulirudia kunahitaji vyuma virefu zaidi na mfupa ambao tayari umepungua, basi daktari humwambia mgonjwa avumilie, na rejista huliandika goti hilo kuwa limefaulu. Uchambuzi wa takwimu za Nyuzilandi uliochapishwa mwaka 2010 uliliweka wazi jambo hili: miongoni mwa waliokuwa na alama mbovu za maumivu na utendaji wa goti, yaani chini ya 20 kati ya 48, takriban asilimia 63 ya wenye goti la nusu walibadilishiwa, dhidi ya asilimia 12 ya wenye goti zima. Maumivu ni yale yale, ila mmoja alifunguliwa mlango na mwingine akaachwa barazani. Tukumbuke pia kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa goti zima haridhiki nalo, na huyo haonekani popote katika hesabu ya "kudumu".

Sisemi kwamba marudio yote ni ya haraka isiyo na sababu. Goti la nusu hulegea, plastiki yake huweza kuteleza, na upande uliokuwa mzima huweza kuchakaa baadaye.

Jaribio lililowagawa wagonjwa 528 kwa bahati nasibu huko Uingereza, likachapishwa mwaka 2019, lilikuta kwamba baada ya miaka mitano alama hizo hizo za kati ya 48 zilikuwa 38 kwa nusu na 37 kwa zima, tofauti ambayo haina maana kitakwimu. Matatizo yalikuwa machache kidogo kwa waliowekewa la nusu, na gharama ikawa nafuu. Ule utafiti wa rejista wa 2014 ulikuta pia vifo vichache kwa wenye goti la nusu, lakini hapo nasita: wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na huenda waliochaguliwa walikuwa na afya bora tangu mwanzo.

Shaka yangu kubwa iko kwetu sisi madaktari. Anayeweka magoti ya nusu mara chache chache hupata matokeo mabaya zaidi kuliko anayeyaweka mara kwa mara. Wagonjwa wangu wengi wa hapa Mombasa hunifikia wakati pande zote mbili zimeshasagika, baada ya kupanda ngazi za Mji wa Kale na kuteremka kwenda kivukoni Likoni kwa vidonge vya maumivu. Hao wanastahili zima, na sina ubishi. Lakini uchache wa wanaofaa kuwekewa la nusu humfanya daktari asizoee kazi hiyo. Kwa hiyo badala ya kuuliza lipi linadumu, muulize daktari wako huyaweka mara ngapi, naye asikasirike.

Kuhusu kusujudu, ambalo ndilo swali la wengi: hakuna kati ya haya mawili linalokataza. Ngozi ya kando ya kovu hufa ganzi, na wengi husema kupiga goti kunakera kuliko kunavyouma. La nusu kwa kawaida hukunjika zaidi, ila kinachotabiri zaidi ni jinsi goti lilivyokuwa likikunjika kabla. Aliyekuja kwangu goti limekakamaa, akiwa ameswali kitini kwa miaka, asitarajie kukaa tahiyatu vizuri hata nikimwekea lipi.