Kifungio cha robo mzunguko kwenye boneti ya ndege

Boneti ya ndege ndogo hufunguliwa kila mara: kukagua mabomba, kubadili plagi, kutafuta oili inavujia wapi. Ukiifunga kwa skrubu za kawaida utashinda na bisibisi mkononi, na vichwa vya skrubu vitalika mapema. Ndiyo maana wengi wanaojiundia ndege nyumbani hutumia kifungio cha robo mzunguko. Unakibonyeza, unakizungusha nyuzi 90, kinalia tak, basi.

Kipini, yaani sehemu unayoizungusha, hukaa kwenye tundu la boneti, na nchani kina kijiti kilichopita kimsalaba. Pete ya chuma hulikinga tundu lisilike. Kitako, yaani sehemu inayopokea kipini, hupigwa ribiti kwenye ulimi wa bati unaotokeza kwenye ukuta wa moto, ule unaotenga injini na chumba cha rubani. Ukizungusha, kijiti hupanda mteremko ulio ndani ya kitako huku springi ikibanwa, kisha hutumbukia kwenye kishimo. Hakitoki mpaka springi ibanwe tena. Aina ya Dzus, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1930 na William Dzus, mhamiaji kutoka Ukraine, hufanya kinyume: mfereji uko kwenye kipini, na waya wa springi uko kwenye fremu.

Kinachowasumbua wengi ni unene wa kushikwa, yaani jumla ya unene wa boneti, ulimi wa bati na rangi. Vipini huuzwa kwa urefu tofauti kufuata unene huo. Kirefu mno kitafunga na kulia vizuri tu, lakini boneti itacheza, na baada ya kuruka mara kadhaa utaona unga wa kijivu ukizunguka pete: bati linasagika. Kifupi mno utakisukuma mpaka bisibisi iteleze na kuchuna rangi, na faibaglasi ya boneti itaanza kufanya nyufa kandokando ya tundu. Tena faibaglasi iliyotandazwa kwa mkono haina unene mmoja, kwa hiyo pima kila tundu peke yake. Mimi sinunui vipini vyote kabla rangi haijakauka.

Kutoboa matundu ya boneti kunaanzia juu katikati, kisha unashuka pande zote mbili. Toboa tundu dogo, tia kibanio cha muda, ndipo uende linalofuata. Ukianza pembeni kote kuwili, faibaglasi itajikusanya katikati na kuacha uvimbe usiotulia tena. Tundu kubwa la pete linakuja mwisho.

Usipunguze idadi ya vifungio kwenye boneti ya juu ili kubana matumizi. Katika injini nyingi zinazopozwa kwa hewa, upepo unaoingia mbele hujaa juu ya silinda kabla ya kushuka, nao huisukuma boneti kwenda nje muda wote wa safari.

Vitako vyote vielekezwe upande mmoja wakati wa kupiga ribiti. Vifungio vikishafungwa, mikato ya bisibisi kwenye vichwa vya vipini itakaa sambamba na ukingo wa boneti, na rubani anayezunguka ndege kabla ya kuruka atakiona mara moja kile kilichokaa mshazari.