Angie wa Rolling Stones si mke wa Bowie

Mashabiki wa Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, wamebishana miaka nenda miaka rudi juu ya "Angie", ule wimbo wa taratibu uliotoka 1973. Angie ni nani? Jibu linalorudiwa zaidi ni kwamba ni Angela, mke wa mwanamuziki David Bowie wakati huo, na kwamba Mick Jagger, mwimbaji wa bendi hiyo, alikuwa akimwimbia yeye.

Si kweli. Jina hilo halikutoka hata kwa Jagger. Lilitoka kwa mpiga gitaa wa bendi, Keith Richards, akiwa kliniki Uswisi mwaka 1972 akijitoa kwenye heroini. Katika kitabu cha maisha yake cha 2010 anaeleza kuwa vidole vilipoanza kumtii tena, alishika gitaa palepale kitandani na wimbo ukaja mchana mmoja. Jina lilimjia tu, hakumlenga mtu. Basi ni binti yake, Dandelion Angela, aliyezaliwa mwaka uleule? Hilo nalo analikana: alipoutunga hakujua kama mtoto angeitwa Angela. Jagger aliongeza maneno mengine baadaye.

Mimi uvumi huu unaniuma, maana unawafanya watu wamsake mwanamke badala ya kusikiliza. Vaa hedifoni. Sikia piano ya Nicky Hopkins inavyolizunguka gitaa bila kulifunika. Kisha fidla zikipanda katikati ya wimbo, tega sikio vizuri: nyuma kabisa, kwa mbali, kuna sauti ya Jagger ya kurekodia majaribio, iliyosalia humo kama mtu anayeimba chumba cha pili.